Ngoma ya Pili

Wenzangu, Wakristo kwa Waislamu, kabla chai haijapoa niwaeleze nilivyorudi kuwa mtu.

Mnanijua kama bawabu wa hoteli kule Al Sadd. Hamjui kwamba nyumbani Mombasa nilikuwa mpiga ngoma, mimi na pacha wangu. Mimi napiga ile nzito, naacha nafasi, yeye anajibu. Harusi ngapi tumezichangamsha hivyo!

Pacha alifariki nikiwa hapa Doha, na sikuweza kwenda kumzika. Ndugu zangu, nawaambia, nilikauka. Chakula hakipiti. Mkiniita hapa kuimba, nasema niko zamu. Zamu gani! Niliogopa kupiga halafu nisijibiwe.

Basi hoteli ikaleta bendi kutoka pwani ya Karibi. Mchana walipokuwa wakijaribu vyombo, nilikuwa nimesimama mlangoni pa ukumbi. Jamani! Ni rege, lakini ndani yake wametia dansi ya Kilatini, ile ya kuzungusha kiuno. Besi inatembea taratibu, magitaa yanacheka. Na katikati ya mwendo wanaacha nafasi. Nafasi ileile! Watu wa bahari nyingine kabisa, nani aliwaambia? Nywele zilinisimama.

Kumbe nilikuwa nagonga mlango kwa vidole. Mwimbaji wao, mama wa makamo, akaniona, akanipungia mkono, akaonyesha ngoma. Nikamtazama supavaiza wangu, dada wa Kampala asiyejua mzaha kazini.

"Wewe enda, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda chao. "Mlango nitasimamia mimi."

Nikapanda jukwaani. Wengine wakanyamaza wanisikilize. Nikapiga ile nzito, nikaacha nafasi. Kimya. Nikasema moyoni, si unaona? Nikapiga tena. Ndipo mzee wao wa ngoma, ambaye mimi naye hatukuwa na lugha hata moja ya kusalimiana, akajibu. Alijibu palepale pacha alipokuwa akijibu! Nililia mbele ya wahudumu wote, na mikono haikuacha kupiga. Jioni hiyo nilikula nikashiba.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru yule mama na yule mzee, na dada yangu wa Kampala aliyekaa pale nyuma akijifanya hasikii. Nanyi mlionipigia simu hata niliposusa kupokea, ahsanteni. Aliyefiwa asiache kupiga kwa kuogopa kimya. Huwezi kujua ni nani atakayekujibu.

Leo nimekuja na ngoma mbili. Hii nitapiga mimi. Ile nyingine naiweka hapa katikati yenu.