Mzee Futi, Aliyewajua Watu kwa Vipimo

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu za sehemu zilimtoa jasho, na mwalimu alishakata tamaa naye, hadi mjomba wake, fundi cherehani, alipomkatia kitambaa mbele ya macho yake: nusu inchi, robo inchi. Siku hiyo hesabu ziliingia na hazikutoka tena.

Mwaka 1966 alirithi cherehani ya mjomba. Kwa miaka hamsini na miwili alishona kibarazani kwa muuza viatu, bila daftari. Mteja akipimwa mara moja, basi, vipimo vyake vimekaa kichwani. Majina ndiyo yaliyomshinda. Siku ya kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi alikwama, akasema, "Huyu ni… kiuno ishirini na sita." Walifunga ndoa hivyo hivyo, tarehe 14 Desemba 1974, na mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Mwaka 2018 alianza kupotea njia ya kurudi nyumbani. Daktari alieleza kwamba ya zamani yameota mizizi, ila mapya hayapati pa kushika. Binti yake wa pekee, anayesoma wasifu huu, akajipa moyo: kama sura yake imemtoka baba, vipimo havitamtoka. Akasimama mbele yake. Mzee akazungusha futi, vidole havitetemeki.

"Bega kumi na saba. Mteja mpya?"

"Ni mimi, Baba. Mwanao."

"Mwanangu bega lake kumi na nne. Usinichezee, mama."

Hakukosea. Lilikuwa kumi na nne binti alipokuwa na miaka kumi na sita. Kila Jumamosi, miaka saba, alipimwa upya, na kila Jumamosi alikuwa mteja mpya. Iliuma, na bado inauma.

Jumamosi ya mwisho mzee alimkabidhi gauni la bega kumi na nne.

"Ukimwona binti yangu, mpe. Mwambie nimemngoja sana."

"Nitampa, Baba."

Alifariki tarehe 2 Agosti 2025, saa nne asubuhi, kwa homa ya mapafu.

Ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu wawili wa kiume. Apumzike kwa amani, baba aliyemngoja mtu aliyekuwa amesimama mbele yake.