Keki Chini ya Ndoo

Pale Igoma, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, kuna benchi lililosikia uongo mwingi kuliko mahakama zote za Mwanza. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, lilikuwa limebeba watu watatu. Wa kwanza Nkwabi, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi wa kesi ya ng'ombe kule Misungwi, mara moja tu, na upande wake ukashindwa. Wa pili Obedi, fundi baiskeli, aitwaye Rada, maana habari haimpiti. Wa tatu Venant, fundi plasta, naye alikuwa ameibana katikati ya miguu ndoo nyeupe ya rangi iliyogeuzwa, mfuniko chini na kitako juu. Kashata, mzee wa kahawa, alikuwa ameshawamiminia kikombe cha kwanza, akaenda nyuma ya duka kuchochea mkaa na kujaza birika.

— Plasta, — Rada akaanza, — hiyo ndoo mbona imesimama kwa kichwa?

— Ya kazi.

— Kazi gani? Jumamosi ya sita hii unatupotea. Shati la kanisani, kucha umesugua. Tangu lini fundi plasta akawa na kucha safi?

— Mwanamke, — Wakili akahukumu. — Yuko Buhongwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndiyo maana huyu anaficha.

— Mheshimiwa, mwanamke haenei kwenye ndoo.

— Zawadi yake inaenea!

Venant akanywa kahawa taratibu. Alikuja kutafuta kitu kimoja tu, na muda ulikuwa unamwishia.

— Hivi, — akasema, kama mtu asiye na shida, — huyu Kashata, kwao wanamwitaje?

— Si Kashata! — Wakili akamkata. — Usihamishe mada, ng'wanawane, mwanangu wee. Shahidi anayehama mada ana hatia.

Ukweli ni kwamba yote yalianza wiki sita zilizopita, Venant alipoitwa kuziba nyufa za ukumbi wa parokia. Ndani ya ukumbi akina mama walikuwa wanafundishwa kupamba keki. Mmoja alikuwa analaza kisu bapa kwenye krimu, kinaacha mifereji, na Venant juu ya ngazi akaumia roho kama amekanyagwa kidole. Akashindwa kuvumilia, akasema, "Mama, inua ukingo mmoja kidogo." Mwalimu akamkabidhi kisu. Venant akafanya kama anavyofanya ukutani: akachovya vidole kwenye maji, akailowesha keki kwanza ili krimu ishike. Krimu yote ikateleza ikaangukia kwenye sahani, na akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jumamosi iliyofuata alirudi, akalipa ada kama wenzake.

Aliipenda kazi ile, hakuna namna nyingine ya kusema. Miaka kumi na saba alikuwa ananyoosha kuta za watu, kisha anakuja mtu wa rangi anazifunika, na sifa zote zinakwenda kwa rangi. Keki ilikuwa plasta inayotazamwa.

— Mimi nimeshajua, — Rada akanong'ona. — Ni mtoto wa mamba. Kuna watu wanafuga, akikua wanamuuza nje. Ndoo imegeuzwa ili asione njia ya kurudi ziwani.

— Acha ushamba, — Wakili akasema. — Huyu anagombea udiwani. Kwenye ndoo mna kadi za wanachama. Na usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa jiulize: fundi wa ukuta ana faida gani ya kuziba ufa? Hawa ni watu wa kuogopwa.

— Kashata ni Mhaya, eti? — Venant akajaribu tena. — Jina la ubatizo atakuwa nalo.

— Unaona? Ameanza kuandikisha wapiga kura!

Venant akakata tamaa. Mwalimu alikuwa ametoa mtihani mmoja: kila mwanafunzi apambe keki ya mtu ambaye hajawahi kupambiwa, na jina lake liandikwe juu. Asiye na jina hana cheti. Venant hakufikiria mara mbili. Mwaka juzi, alipomaliza ukuta wa mbele wa duka hili, watu wote walipita. Ni Kashata peke yake aliyeweka birika chini, akapitisha kiganja ukutani toka kona mpaka kona, akasema, "Umeunyoosha." Neno hilo Venant alikuwa analo mpaka leo. Lakini utamuulizaje mtu jina baada ya kunywa kahawa yake miaka tisa? Aibu.

— Hodi hapa. Hamjambo?

Alikuwa mwanamke mwenye aproni nyeupe mkononi. Venant akasimama.

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba. Nilisema saa nne napita kukusanya keki za mtihani. Tuone.

Mwalimu Paskazia akainama, akaiinua ndoo. Juu ya mfuniko ilikaa keki nyeupe, imenyooka pembeni hata inzi angeteleza, na juu yake birika la krimu ya kahawia lenye mvuke uliojikunja. Chini ya birika palikuwa patupu.

Wakili akavua kofia.

— Plasta… hii umeifanya wewe?

— Mimi.

— Kwa mikono hiyo hiyo?

— Ni nzuri, — mwalimu akasema, — ila jina sioni. Ya nani?

— Ya mzee wetu wa kahawa.

— Vizuri. Anaitwa nani?

Venant akamtazama Rada. Rada akamtazama Wakili. Wakili akatafuta kwenye kikombe, akakuta masimbi ya kahawa tu.

— Ka… — akaanza, akaacha.

Mzee akatokea na birika lake. Hajawahi kulikuta benchi lile kimya, akapunguza mwendo.

— Kuna msiba?

— Shikamoo mzee, — Venant akasema. Siku zote ilikuwa "Kashata, vipi."

— Marahaba.

— Samahani mzee. Jina lako nani?

Mzee akarudi nyuma hatua moja, birika amelikumbatia.

— Mgambo wamekuja? Mimi leo sijaweka jiko barabarani.

— Hapana, baba. Ni la kuandika hapa.

Akaona keki. Akaliona birika. Akaliweka la kwake chini.

— Jovinary, — akasema. — Jovinary Lwakatare.

Venant akatoa mfuko wa krimu, akapiga goti vumbini. Akaliandika jina chini ya birika, herufi moja moja. Alipomaliza, Wakili akanyoosha kikombe, akakohoa.

— Mzee Jovinary, niongezee.

Mzee hakugeuka. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo, na bado alikuwa anasoma.