Ndege Iliyokalia Mkia

Laki nane hatuzitaki. Nilimwambia mwenye hoteli jana jioni pale mlangoni, nikamwambia tena leo asubuhi alipokuja na bahasha ileile, na sasa namwambia mbele yenu, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema jambo hili ni la kuzungumzwa na watu wazima, basi watu wazima ndio hawa, wamekaa. Ndege ya wifi yangu, mjane wa kaka, haiuzwi. Familia imenipa kazi ya kusoma historia ya marehemu, wengine wameniomba niisome kwa upole, nami nitajitahidi, ila sitaruka kitu.

Kaka yetu, niliyemfuata mimi kuzaliwa, ambaye wengi wenu mlimwita Rubani ingawa maishani mwake hakuwahi kuendesha hata pikipiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba yetu, mwangalizi wa matangi ya kiwanda hicho, na mama yetu, mshonaji wa mashuka ya hospitali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mkiani. Kubwa la miaka hiyo halikutokea shuleni, lilitokea nyumbani mwaka 1969, pale mtunza stoo wa kiwanda alipompa boksi la ndege ya kuunganisha lililomshinda mwanawe, vipande vya plastiki vimeshikamana kwenye fremu kama meno ya chanuo, gurudumu moja halipo, naye akalichonga gurudumu hilo kutoka kwenye mpini wa mswaki wa baba, baba akaamka akakuta mswaki hauna pa kushikia, kichapo chake tulikisikia nyumba nzima, lakini ndege ilisimama kwa magurudumu matatu.

Mwaka 1977 alipata cheti cha ufundi wa meno bandia, akaajiriwa hospitali kuu, akaitumikia miaka arobaini hadi alipostaafu mwaka 2017, katika chumba kile kidogo nyuma ya kliniki chenye taa ya kuinamisha na harufu ya nta. Mchana alitengeneza meno, jioni nyumbani alitengeneza ndege, kwa kibano cha aina ileile, msasa uleule na subira ileile. Alikuwa akisema jino jeupe pepepe humuumbua mwenye nalo, na ndege inayong'aa kila mahali ni ya uongo, haijawahi kwenda popote, kwa hiyo jino alilitia umanjano kidogo kama la mnywa chai, na ndege aliipaka masizi nyuma ya bomba la moshi, akaikwaruza rangi pale mafundi wanapokanyaga bawani. Alipanda ndege ya kweli mara moja tu, mwaka 1998, akienda semina, akasimama chini ya bawa akikodolea macho michirizi ya oili mpaka mhudumu akamwambia, "Baba, panda, hapa si maonyesho." Aliporudi tukamuuliza huko angani kukoje, akasema hajui, alikuwa anatazama rangi ilivyobanduka kwenye ukingo wa bawa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, na ndoa yenyewe ilianza kwa ugomvi, kwani wifi yangu alikuja kliniki kulalamika kwamba meno ya mama yake yana mlio, mama akiongea unasikia watu wawili, akicheka yanabaki nyuma. Kaka aliyatengeneza upya bila kubisha, akayapeleka mwenyewe hadi nyumbani, na mkwe wetu alipouma muwa mbele yake alimwambia binti yake, "Huyu ana mikono, usimwache."

Siku ya harusi aliwapelekea wakwe ndege kubwa ya injini nne aliyoihangaikia miezi, kila dirisha na pazia lake. Ndege za namna ile, zenye gurudumu puani, huwa nzito nyuma, kwa hiyo kabla ya kuufunga mwili wake fundi hutia kipande cha risasi, ile metali nzito, ndani ya pua. Kaka, kwa haraka ya harusi, alisahau. Akaiweka mezani mbele ya ukoo mzima, ndege ikainua pua taratibu, ikakalia mkia. Watu walivunjika mbavu. Kaka alitaka kuipasua palepale airekebishe, bibi harusi akamwambia ukiigusa tu narudi kwetu, naye alikuwa kwao, watu wakacheka mara ya pili. Wakwe wakamwachia bibi harusi, na tangu hapo ilikaa juu ya kabati la sebuleni kwa kaka, pua juu, mkia chini, na wenzake wa ufundi walipoinyooshea kidole aliwajibu kwamba hiyo ni ya mke wangu, muulizeni yeye.

Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1985 na wa kiume mwaka 1989, na wajukuu wanne. Huyu wa kike akiwa na miaka mitatu alimeza pangaboi dogo la injini ya ndege mojawapo, wazazi wakasubiri, likatoka, likaoshwa, likapakwa rangi, na lipo mahali pake hadi leo. Sasa ni mhasibu, na amenipa ruhusa ya kulisema.

Kaka hakuuza ndege hata moja, wala hakumgawia mtu, ila ile ya harusi. Aliazimisha. Ukiipenda, chukua, kaweke dukani, kaweke sebuleni, lakini kila mwaka uirudishe aifute vumbi na kubandika antena iliyovunjwa na ufagio, kazi hiyo akaiita sevisi, na kinyozi, mfamasia na mwalimu wa jirani, wote mnaijua njia ya sevisi. Mwaka 2014 wifi alipokwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, mwenye hoteli, aliyekaa dawati moja na kaka sekondari, alikuja kuomba ile ya injini nne ipambe mapokezi kwa wiki moja ya ufunguzi, kaka akaona aibu kumnyima rafiki. Sevisi haijaiona tangu siku hiyo. Leo anasema alipewa, anasema wageni wanapiga nayo picha, halafu anasema ya nini kuigombania, hata hivyo ina kasoro. Kasoro hiyo ndiyo yetu.

Novemba 2022 madaktari waligundua moyo wa kaka umepanuka. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024, akaomba apelekewe bawa moja na msasa, gundi walimkatalia. Muuguzi alipomwambia, "Mzee, vumbi lako nalifagia mimi," alimjibu, "Na meno ya mama yako nilitengeneza mimi," wakapatana. Alimwambia wifi kwamba akitoka tu ataifuata ndege yake hotelini kwa miguu, na asinitume mimi, maana mimi nitarudi na ndege na mlango wa hoteli. Hakutoka. Alituacha Jumanne tarehe 18 Juni, mchana, mkewe akiwa amemshika mkono, bila maumivu, uso umetulia kama mtu aliyemaliza kupaka rangi na anangoja ikauke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki, ambao nusu ya waombolezaji hapa wanatafuna kwa kazi yao, na tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kutulazia wageni wetu. Kwa namna ya pekee tunawashukuru nyote mliokuja msibani na ndege mkononi bila kuitwa, kinyozi, mfamasia, mwalimu na wengine, mkaziweka chumbani mwake moja moja.

Kaka, umeishi ulivyotaka, umependwa na uliowapenda, pumzika kwa amani, mikono yako nayo ipumzike.

Mwenye hoteli, rudisha bahasha mfukoni. Gari lako lipo hapo nje. Lete ndege ya wifi yangu.