Aliyekataa Kutema

Ndugu, majirani na marafiki, mimi kitinda mimba wake nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Ulimi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa mshona magodoro na mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo chakula kilikuwa kidogo na amri ilikuwa moja, kwamba kilichoingia kinywani hakitemwi. Alisoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari miaka minne, akaishia hapo ili wadogo zake nao wasome.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kwenye kiwanda cha krispi, akaanza kwa kumenya viazi, na mwaka 1997 akahamishiwa chumba cha waonjaji, chumba cheupe chenye meza ndefu, bilauri za maji na beseni la kutemea. Mwaka 1986 alikuwa amefunga ndoa na baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyejisifu kwamba ameoa mwanamke anayeweza kuonja hata uongo, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 kiwanda kilileta mafuta bandia, yenye ladha ya mafuta lakini yasiyonenepesha, kwa kuwa tumbo haliwezi kuyasaga, huingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu. Mama aliyaonja siku sita kwa wiki, wenzake wakitema, yeye akimeza, wakamtania kwamba Ulimi kaajiriwa pamoja na tumbo lake, naye akasema kama angetema mama yake angemzaba kofi.

Likaanza tumbo la kusokota na kuhara, mwaka 2014 macho yakashindwa na giza la jioni, mwaka 2016 fizi zikatoka damu, na zahanati ya kiwanda ikamwambia ni uzee, mwanamke wa miaka hamsini na mitano! Mei 2019 ndipo daktari wa kwanza alipomuuliza anakula nini, akatueleza kwamba mafuta yale hupita yakiondoka na vitamini, zikiwamo za macho na za kugandisha damu, ingawa hakuapa kuwa ni hayo peke yake. Tarehe 9 Juni aliteleza bafuni, damu ikavujia kichwani, ikakataa kuganda, na tarehe 11, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki.

Tulikuwa tumekiandikia kiwanda, kikajibu kwa mistari mitatu, kwamba kosa ni lake, kwa kuwa mwonjaji huelekezwa kutema. Jamani, kitu kinatengenezwa kiliwe, mtu anakila, halafu anaambiwa amekosea kumeza! Nimesoma pakiti yao mbele na nyuma, wameandika ni nyepesi, wameandika ni ya familia nzima, sikuona palipoandikwa tema.

Tunamshukuru daktari yule na wauguzi wake, majirani mliolala nasi sakafuni, na ninyi waonjaji mliokuja bila ruhusa ya kazini. Kiwanda kimeleta katoni kumi na mbili za krispi kwa waombolezaji, ziko pale mlangoni, hazijafunguliwa, na mjumbe wao aliyeketi kiti cha mbele tunamwomba aondoke nazo, au afungue moja hapa, mbele yetu, ale, ameze.

Mama, ulimeza kwa kumheshimu mama yako, sisi kwa kukuheshimu wewe hili hatulimezi. Pumzika kwa amani.