Mzee Kidogo Ameliachia Plau

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia shamba letu la mbegu, dereva na fundi wetu wa plau anastaafu. Safari hii ni kweli. Tumeshamuaga mara mbili, mara mbili tukala keki, na mara mbili Jumatatu yake tukamkuta uani amelala chali chini ya trekta, vinaonekana viatu tu. Mimi mtunza stoo nimeombwa kuandika haya, nadhani kwa sababu ndimi niliyemwazima spana nyingi kuliko binadamu yeyote.

Jina lake la kwenye karatasi halijatumika hapa siku nyingi. Tunamwita Mzee Kidogo. Kwa umbo si mdogo, na mlango wa stoo yangu unalijua hilo. Jina limetokana na neno lake. Ukimuuliza kama kazi imekwisha, atajibu bado kidogo. Ukimwambia plau limekaa sawa, atainama, atafumba jicho moja, atasema bado kidogo. Kuna siku aliingia kwa meneja kusainiwa fomu ya likizo, akaona meza inayumba. Kikao cha wakuu wa idara kikasimama kumsubiri, yeye yuko chini ya meza anakunja kipande cha kadibodi. Meza ile haijayumba tena, ila fomu aliisahau palepale na likizo hakwenda.

Alianza kama kibarua wa kung'oa magugu. Trekta alipewa kwa kuwa wengine walilikataa: dogo, jekundu lililopauka, kuukuu tangu enzi hizo, na kiti chake cha chuma hakimhurumii mtu. Tunaliita Bi Mkubwa, na mke wa Mzee hucheka akisema yeye aliolewa ndoa ya pili bila kuambiwa. Nyuma yake hufungwa plau la bamba, lile lenye chuma kilichopinda kinachokata udongo na kuupindua chini juu.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao udongo wanauona dirishani, naomba nieleze. Trekta hili likilima, magurudumu ya kulia hupita ndani ya mfuo, ule mfereji uliokwisha kulimwa, ya kushoto hubaki juu kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo mchana kutwa trekta limeinamia kulia, na plau linatakiwa lisimame wima vilevile. Upande wa kulia kuna kishikio cha kuzungusha, kinachoinua au kushusha plau upande mmoja. Katikati kuna mkono wa juu, chuma kinacholishika plau kwa juu. Ukiufupisha ncha ya plau inazama, ukiurefusha inapanda. Ni hivyo viwili tu. Lakini vikosee uone: mfuo mmoja shimo, wa pili tuta, na mbegu ukiipanda humo nyingine inaota, nyingine inaoza.

Mzee alikalia mwinamo huo miaka nenda miaka rudi, huku akijiegemeza kushoto ili asianguke. Mpaka leo, mwekeeni kiti kilichonyooka, ataegemea kushoto tu. Tazameni picha zetu za ukutani. Mpiga picha mmoja alirudi kutuomba radhi akidhani kamera yake ina kasoro.

Katika miaka hiyo alilima kila kipande cha shamba hili, akafundisha madereva wa mashamba ya jirani, na vitalu vyetu vikasifiwa kwa kuota sawasawa. Bi Mkubwa alitakiwa kuuzwa chuma chakavu zaidi ya mara moja, na kila mara Mzee alimwasha mbele ya wanunuzi, akalima mifuo michache, wanunuzi wakaenda zao.

Sasa nije kwenye jambo lililotukosesha raha, kwa sababu leo tunaweza kulicheka. Wakati wake wa kupumzika ulipofika, aliyechaguliwa kumrithi ni Mama Pacha, dereva wetu wa lori la mbegu, mwanamke mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Mzee alimfundisha kwa moyo mmoja. Msimu wa kwanza mifuo ikatoka ovyo, Mzee akaongezewa muda. Msimu wa pili ikatoka ovyo zaidi, akaongezewa tena. Msimu huu meneja akasema basi: kama Mama Pacha hawezi, Bi Mkubwa atauzwa, shamba litalimwa na watu wa kukodi, na lori lilikwisha kupewa mtu mwingine. Maana yake sote tuliijua. Mama Pacha angerudi nyumbani kwa pacha wake bila kazi. Na mke wa Mzee, ambaye alishatangulia kwenye nyumba yao mpya akaweka viti viwili barazani, alikuwa akikalia kimoja na kukitazama cha pili.

Jambo lenyewe lilikuwa la ajabu. Asubuhi Mama Pacha alilifunga plau vizuri. Alifungua mfuo wa kwanza, akashuka, akakizungusha kishikio kwa sababu gurudumu la kulia sasa limeingia chini, akatembea nyuma kuangalia, akaendelea. Mpaka saa ya chai mifuo ilikuwa ya kupendeza. Akirudi kutoka chai, plau limepinda. Analirekebisha upya. Akitoka chakula cha mchana, limepinda tena. Alikonda yule dada. Alianza kuitazama mikono yake kama vile si yake.

Mzee Kidogo ndipo akaenda kumwoza binti yake. Aliondoka shingo upande, akituagiza tumwangalie Mama Pacha, na huko arusini, tumesikia, alizikaza kamba za hema mpaka wakwe wakamsihi akae. Alikaa huko wiki nzima. Wiki hiyo Mama Pacha alilima shamba la mashariki lote, na likalala kama kitanda kilichotandikwa.

Mzee alirudi asubuhi, akashukia shambani moja kwa moja, bado yuko na viatu vya arusi. Alitembea ndani ya mfuo. Alipima kina kwa shubiri, akapima mwingine, akarudia wa kwanza. Alizunguka nyuma ya plau, akafumba jicho. Sisi tulikuwa tumejipanga kando na vikombe vyetu mkononi, maana ilikuwa saa ya chai na hakuna aliyethubutu kukaa. Akamuuliza Mama Pacha nani alimsaidia. Mama Pacha akamjibu kwa adabu kwamba hakuna.

“Tangu nilifunge Jumatatu, baba, sijaligusa tena.”

“Hata saa ya chai?”

“Saa ya chai nilikuwa nakunywa chai.”

Mzee akavua kofia, akakalia tairi la Bi Mkubwa, akiegemea kushoto kama kawaida yake.

“Kumbe ni mimi, mwanangu.”

Yakatoka yote. Kila Mama Pacha alipokwenda kunywa chai, Mzee alipita kumjulia hali Bi Mkubwa, akakiona kishikio, na mkono ukaenda wenyewe. Nusu duara tu. Bado kidogo. Alidhani anamwokoa. Hakumwambia, asije akamwaibisha mbele ya watu. Na Mama Pacha, hata alipohisi kuna mkono mwingine, angemuulizaje mtu mzima kama baba yake? Heshima zao mbili ndizo zilizolipinda lile plau misimu yote, na sisi tukimtazama dada wa watu kama asiyejua kazi.

Mama Pacha alikaa chini kwenye udongo alioulima mwenyewe, akalia. Alisema alishaanza kuamini mikono yake ni mibovu. Mzee alimwomba msamaha palepale, mbele yetu sote, hakuzunguka. Halafu alicheka mpaka akapaliwa, na sisi tukacheka, na nakiri sijawahi kuona watu wazima wamefurahi hivyo kwa sababu ya chuma.

Kesho yake saa ya chai tulijazana dirishani. Mzee alikwenda kwa Bi Mkubwa. Aliinama, akafumba jicho moja. Mkono ukatoka, ukakishika kishikio, ukakaa hapo mpaka mpishi wetu akasahau maziwa jikoni. Kisha mkono ukarudi mfukoni. Tulimsikia waziwazi.

“Hapo hapo.”

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Jioni yake alimpigia mkewe simu kumtajia tarehe ya kustaafu. Mkewe akauliza nani mgonjwa.

Mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa kila kitalu kilichoota, kwa meza ya meneja, kwa kumfundisha Mama Pacha vizuri kuliko ulivyojua mwenyewe. Spana yangu namba kumi na tisa ubaki nayo, nimeshaifuta kwenye hesabu za stoo. Zawadi yetu ni kiti cha tatu cha baraza, cha wageni, maana tutakuja. Seremala ameacha mguu mmoja mrefu, kwa makusudi kabisa. Huo ni wako, uhangaike nao utakavyo.

Jumatatu Mama Pacha anafungua shamba la kaskazini. Saa ya chai itafika, na chai itanywewa. Wewe na mama tunawatakia mapumziko marefu yenye heri, na kile kiti cha pili barazani kisikae kitupu tena.