Mama Pembe na Shuka la Siku ya Tano

Mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pembe, alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, kitinda mimba wa watoto saba. Kumbukumbu yake ya kwanza, alisimulia, ilikuwa kutembea katikati ya nguo zilizoanikwa, jua likipenya kwenye vitambaa vyeupe, asijue njia ya kutokea wala asiitafute.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akadumu miaka thelathini na nne. Kila shuka alilikunja pembe ya kushoto ikiingia ndani, ili muuguzi alifungue kwa mkono mmoja. Jina lilianzia hapo.

Mwaka 1984 aliolewa na baba, dereva wa gari la wagonjwa. Baba husema aliipenda sura kwanza, ulimi akaujua baadaye.

Tarehe 14 Machi 2011, akipiga pasi, kichwa kilimpasuka kwa maumivu, akaanguka. Mshipa wa damu ubongoni ulikuwa umetuna kama puto, ukavuja. Daktari alifungua fuvu, akaubana mshipa kwa kibanio kidogo cha chuma, akatuonya kwamba huenda mama asiseme tena, au asitujue. Siku nne alilala, nasi tukaishi kama watu walio ndani ya maji. Siku ya tano muuguzi alileta shuka safi. Mama akalitazama, akauliza polepole, “Nani kakunja hili?”

Baba alilia huku anacheka. Tulijua amerudi mwenyewe.

Kibanio kilimpa miaka kumi na mitatu. “Nimebana nguo za watu,” alitutania, “na mimi nimebanwa.”

Tarehe 9 Mei 2024 mshipa mwingine ulipasuka. Madaktari walipitisha waya laini kutoka pajani hadi ubongoni, wakauziba, lakini damu ilikuwa imeshaenea. Baba alikunja shuka ovyo kwa makusudi, akaliweka chini ya mkono wa mama.

“Tumsubiri,” alituambia. “Atagomba tu.”

Kila asubuhi alilikunja vibaya zaidi. Mama hakuamka. Alituacha tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Shuka alilofunikwa leo amelikunja baba, peke yake, pembe ya kushoto ndani. Alilirudia mara nyingi.

Mama hana la kukosoa. Apumzike kwa amani.