Pikapu Iliyokaa na Ng'ombe Asiyekuwepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana leo nitazihitaji amina zenu zote mapema, kabla hamjasikia habari yenyewe mkazirudisha.

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa mchukuzi wa magunia ya karafuu pale Malindi, bandarini Unguja. Nilisoma kwa vitabu vya kuazima mpaka nikapata nafasi ya kwenda Ujerumani, miaka michache baada ya Mapinduzi. Nikajifunza lugha yao, nikasoma ufundi wa mitambo miaka mitatu kwenye baridi inayogandisha masharubu, nikarudi Unguja na diploma yenye mhuri wa duara na sahihi mbili. Sikubebwa na mtu. Sisemi haya kwa kujisifu. Hapana, nimekuja hapa kusema kweli, basi niianze sasa hivi: nasema kwa kujisifu kidogo. Bwana anaendelea kunishughulikia.

Na mnaijua pia habari ya ng'ombe wa Masingini. Mmeisikia kanisani humu, mkaishangilia. Leo nimesimama kuisahihisha.

Niliporudi, jambo la kwanza nililotaka ni gari. Mtu mwenye diploma ya mitambo hawezi kwenda kwa miguu, nilijiambia hivyo. Nikapata habari za Bi Zuwena, mjane wa mfanyabiashara mmoja wa Mji Mkongwe, aliyekuwa na pikapu ya kijani ndani ya ghala chini ya nyumba yake. Marehemu aliinunua ikiwa mpya, kisha akaanza kuugua. Ikawa inatolewa siku za Idi tu, inakwenda mpaka Bububu na kurudi, basi. Miaka kumi na mbili! Nikaingiza kichwa dirishani nikasoma saa ya maili. Ilikuwa haijafika maili elfu nne. Rangi inang'aa. Viti bado vina harufu ya duka.

Bi Zuwena akanitazama, akasema, "Mwanangu, nisikufiche. Gari hii imekaa."

Ndugu zangu, neno hilo moja ndilo ushuhuda wangu wote. Mimi nilisikia kwamba imekaa vizuri, imekaa sawa, imetulia. Nikamwambia, "Naiona, Bi mkubwa, imekaa kweli!" Masikini mama wa watu, alikuwa ananionya, nami nikamshukuru kama aliyenisifia mali.

Nikaiosha, nikaipiga nta, nikatia betri mpya na mafuta ya injini, ikawaka. Nikaridhika. Kutoka hapo kila Jumapili nilikwenda nayo Dole, anakokaa mama yangu, nikamleta kanisani pamoja na kina mama wenzake wa huko. Yeye mbele, wenzake nyuma wanaimba. Watu wa njiani walikuwa wakisimama kutazama. Nilikuwa naendesha polepole ili wamalize kutazama.

Siku moja tairi ikatoboka karibu na Saateni, kwenye gereji ya fundi Vuai. Huyu Vuai tulikaa dawati moja shule ya msingi. Yeye aliacha darasa la tano, akaingia chini ya magari na hajatoka mpaka leo. Sikupenda kumpelekea, lakini tairi haichagui. Akaitazama tairi, akapitisha kidole ubavuni pale palipopasukapasuka kama kisigino kikavu. Kisha akalala chini bila kuombwa, akachungulia magurudumu.

"Bwana Mjerumani," akasema kutoka kule chini, "mipira ya breki ushabadilisha?"

"Ya nini? Haina hata maili elfu nne."

"Nnakuuliza umri, weye unanijibu safari."

Vijana wa gereji wakacheka. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia gari haikuchakaa, na kama hajui kusoma namba nimsomee.

Akatoka chini, akajifuta mikono taratibu. "Haikuchakaa, kweli. Imekaa. Chuma kinachotembea kinachakaa, mpira uliokaa unakufa. Na mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu hii ina chumvi. Niachie siku tatu."

Siku tatu, mimi! Jumapili ingenikuta bila gari! Nikamwambia azibe tairi aniachie habari za breki, nilizisoma kwa Kijerumani. Naye akanijibu mbele ya wote, "Haya bwana. Siku pedali ikizama, usikanyage diploma. Teremsha gia, utafute pahala pa udongo."

Kilichoniuma ni kwamba aliyoyasema niliyajua. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu, niliyajua! Swali la mafuta ya breki na unyevu lilikuja katika mtihani wangu wa mwisho na nilipata alama zote. Lakini kuyapokea kutoka kwa Vuai, aliyekuwa akinakili hesabu zangu, sikuweza. Nikaondoka nikipiga honi.

Jumapili mbili zikapita salama. Ya tatu tukatoka Dole asubuhi, hewa nzuri, kina mama kumi na mmoja nyuma, mama yangu mbele na Biblia mapajani. Tukapanda kilima cha Masingini. Tukaanza kushuka kuelekea pwani. Nikakanyaga breki kidogo. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini, kama kukanyaga mto wa usufi.

Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, nikasikia waya wake ukikatika, tak, maana nao ulikuwa umekaa miaka kumi na mbili ukiliwa na kutu. Gari ikaongeza mwendo. Nyuma kina mama wako kwenye ubeti wa pili, wanaimba kwa sauti zote. Ndugu zangu, sitaki kuwaongezea chumvi. Sikuona maisha yangu yakipita. Niliona kona kule chini, niliona ukuta wa mawe, na kichwani mwangu hamkuwa na neno hata moja la Kijerumani.

Nikasema, "Bwana, kina mama hawa." Hiyo ndiyo sala yangu yote. Na Bwana, katika hekima yake, hakunijibu kwa sauti ya malaika. Alinijibu kwa sauti ya Vuai. Teremsha gia, utafute pahala pa udongo!

Nikatia gia ya tatu, injini ikalia. Nikatia ya pili, gari ikajivuta kama punda anayekataa. Kushoto kabla ya kona palikuwa na shamba lililolimwa matuta ya viazi vitamu, tena udongo umetoka kunyeshewa. Nikapinda usukani. Tukapanda tuta la kwanza, la pili, la tatu, kila tuta likitupunguzia mwendo, na la saba likatushika. Kimya. Injini imezimika. Hakuna aliyeumia, ila mama yangu alijiuma mdomo, na kofia ya mama mmoja ilikwenda kuokotwa kwenye mihogo.

Hapo ndipo Mungu aliponiokoa mara ya kwanza. Na hapo hapo, kabla jasho halijakauka, nikaanguka.

Maana kina mama waliinuka wakijipangusa, wakauliza, "Mwanangu, umeona nini hata ukapinda hivyo?" Walikuwa wanaangalia nyuma, hawakujua lolote. Ulimi wangu ukasema peke yake: "Ng'ombe. Amekatiza ghafla. Ningemgonga sote tungepinduka."

Wakapiga vigelegele! Wakanishika mikono, wakaibusu. Ati mikono hii imesoma Ulaya. Mwenye shamba, Bi Mize, akaja mbio na jembe lake, akatutazama, akatazama viazi vyake. "Jamani, mmekuja kuvuna bila hodi?" Alipoambiwa habari ya ng'ombe akamgeukia mama yangu, akamwambia polepole, "Ng'ombe gani, shoga? Huku leo hajafunguliwa hata mmoja."

Mama alikuwa mbele pamoja nami. Aliiona pedali. Aliuona mkono wangu ukivuta ile breki iliyokatika. Hakunitazama. Alikwenda na wenzake kwa miguu mpaka barabara ya pwani kutafuta basi, nao wakafika hapa wakaisimulia habari ya ng'ombe. Padri akaongoza sala ya shukrani kwa ajili ya mikono yangu. Nami niliingia baadaye kidogo, nikasimama pale mlangoni, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Mungu ana mzaha wake. Pikapu ilikataa kutoka shambani mpaka jirani ya Bi Mize alipoleta ng'ombe wake wawili wa mkokoteni wakaivuta, wakaikokota mpaka palipo tambarare, na lori la rafiki yangu likaifikisha Saateni. Vuai alikuwa ameshasikia, mji wetu mdogo. Hakucheka. Alifungua gurudumu la mbele, akafungua silinda ndogo ya breki, akanipakulia kiganjani vipande vya mpira vilivyokuwa vikimomonyoka kama mkate mkavu. Ndani mlitoka maji meusi kama kahawa.

"Ng'ombe wako huyu hapa," akasema. "Alikuwa anaishi humu ndani."

Nikamwomba asimwambie mtu.

"Mie nnafunga mipira, ndugu yangu. Sifungi midomo wala siifungui. Hilo lako na Mungu wako."

Vipuri vilichelewa kufika kutoka Dar es Salaam, na wakati wote huo nilikuwa chini ya ile pikapu, nimevaa ovaroli ya kuazima, Vuai akinielekeza. Tulibadilisha mipira yote ya breki, ya kila gurudumu na ya pampu kubwa. Tukatoa mafuta ya zamani tukatia mapya mpaka hewa yote ikatoka. Tukakuta mpira wa rejeta umevimba, mkanda wa feni umepasuka, tangi lina kutu chini, na kwenye kichujio cha hewa panya walikuwa wamelea familia. Tairi zote nne tukazitupa, na meno yake ya kukamatia barabara yalikuwa bado marefu! Gari yenye maili chache, ndugu zangu! Kila tulichokifungua kilikuwa kimekufa kwa kutotumika. Siku hizi kila Jumamosi naifungua boneti, natazama kikombe cha mafuta ya breki, nakanyaga pedali kabla sijawasha. Na kila mwaka kabla ya masika nitamwaga mafuta ya breki nitie mengine, hata yakiwa yanang'aa. Wala siiachi wiki nzima bila kutembea.

Na nikiwa nimelala pale chini, mgongo kwenye saruji, niliiona roho yangu. Nilibatizwa mtoto mchanga. Nilipata kipaimara. Kisha nikaiegesha imani ghalani na kuitoa siku za sikukuu, inang'aa, watu wanaisifu. Sikuwa mlevi. Sikuwa mwizi. Maili chache! Lakini kila mpira ndani ulikuwa umekauka, na siku nilipokanyaga nikitafuta ukweli, pedali ilizama. Nilipata uongo tu. Nikasema, "Bwana, mimi sikuchakaa. Nimekaa. Nifungue."

Alinifungua, lakini jambo moja alilibakiza nilifanye mwenyewe.

Pikapu ilipopona nilikwenda Dole kumchukua mama. Alikuwa mlangoni ameshavaa. Nikamwambia breki zote mpya, nikamweleza kila kitu, hata panya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimefurahi, baba. Lakini wenzangu wanapanda gari ya mtu aliyewakwepesha ng'ombe. Siku utakayowaambia walikuwa wamepanda nini, na mie nitapanda." Akachukua mwavuli wake akaenda kungoja basi.

Miezi minne, ndugu zangu. Kila Jumapili nawaleta kina mama, nampita mama yangu mzazi kituoni na mwavuli wake, na anatupungia mkono. Kina mama wananiambia, "Bibi huyu tangu siku ya ng'ombe anaogopa magari." Nami nanyamaza. Hakuna breki niliyowahi kuifunga iliyokuwa ngumu kama kinywa changu.

Basi leo nakifungua. Mama zangu mliokaa safu ile, hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na mimi. Nilionywa mbele ya watu na fundi aliyejua kazi yake, nikadharau kwa sababu hakuwa na mhuri wa duara, nikawapakia kumi na mmoja nikawateremsha Masingini bila breki. Kisha nikawaacha mkaibusu mikono iliyotaka kuwaua. Aliyewaokoa ni Mungu, kwa neno la Vuai na matuta ya Bi Mize, ambaye nilimpelekea mbegu na kumlimia upya kwa mikono hiyo hiyo. Nisameheni.

Diploma yangu ni halali, bado iko ukutani, na bado naipenda. Lakini nawasihi, mtu yeyote hapa anayeitazama saa yake ya maili na kusema sijafanya maovu mengi, asiridhike. Mwacheni Bwana alale chini achungulie. Anaijua kazi yake, na hamcheki mtu.

Pikapu iko nje, upande wa mkunazi. Pedali nimeikanyaga mwenyewe asubuhi, na Vuai ameikanyaga jana. Mwenye kuogopa kupanda leo sitamlaumu, nitamsindikiza mpaka kituoni. Sitawaita kwa honi.

Naona mnageuka kutazama. Nami nimeona. Niliposema hapakuwa na ng'ombe, mama yangu aliinuka pale safu ya pili akatoka na mwavuli wake, nikadhani nimemwaibisha. Kumbe mlango wa gari ndio huo uliolia. Amekwisha kukaa mbele.

Sifa zote kwa Bwana. Amina.